Mkungu Aliyebaki Ameketi

Nasikia siku hizi mwalimu mpya akiripoti kituoni, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo, anaambiwa asijiingize katika mambo ya wakubwa. Hata sisi tuliambiwa hivyo. Mimi agizo hilo sikulifuata na wala sijajutia, na kama mmekuja kwangu mkitarajia bibi mstaafu atakayewashauri muwe wapole ili mpandishwe cheo, mmekosea nyumba. Lakini kwa kuwa mmeshafika, ketini niwasimulie.

Naitwa Pelagia. Nilizaliwa Kaagya kwa wakulima wa kahawa na ndizi, nikasomeshwa na masista, nikawa mwalimu wakati ambapo walimu wa kike mkoani kwetu tulikuwa wa kutafuta. Miaka yangu ya mwanzo ya kazi niliitumia katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Muleba, enzi za Mwingereza. Nilifundisha Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo, nikapewa na michezo ya kuigiza.

Mchezo wangu wa kwanza uliharibika vibaya sana. Tuliigiza kisa cha nabii na mfalme mbaya, asubuhi, uwanjani, wazazi wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Mfalme alipokuwa amekwisha kuuawa na kulazwa chini, senene, wale panzi tunaowala, wakashuka. Wazazi wakainuka wote wakaanza kuokota. Askari wa mfalme wakatupa mikuki wakaenda kuokota. Mwishowe mfalme mwenyewe, ambaye alikuwa maiti, akafungua jicho moja, akanyanyuka, akavua joho lake la lubugo, ile nguo ya gome la mti waliyovaa wakubwa wa zamani, akaligeuza mfuko. Nikabaki jukwaani peke yangu na kitabu mkononi. Sista Klara, mkuu wetu wa shule, mzungu mrefu aliyetembea kama anayeruka madimbwi, alinikuta nikilia. Akaniambia niache kulia nichukue kikapu, kwa sababu senene hawangoji.

Mengi ninayoyajua juu ya kazi hii nilifundishwa na yeye. Alinifundisha kwamba mchezaji asiseme na watu wa mbele. Amtafute bibi mzee kuliko wote aliyekaa nyuma kabisa, aseme naye huyo tu, na wengine wote watasikia. Alinifundisha kwamba ukitafsiri usianze na maneno. Anza kwa kujiuliza nani anasema na nani, na nani kati yao anamwogopa mwenzake. Ukishalijua hilo, Kiswahili kitakuja chenyewe. Mengine niliyagundua peke yangu. Upanga wa uti wa jani la mgomba unapinda kabla vita havijaanza, tumieni mbao za sanduku. Damu ya matunda ya mforosadi inapendeza sana, ila haitoki kwenye sare, na mtagombana na mtu wa kufulia mpaka Krismasi.

Basi, mwaka mmoja Sista Klara akaniletea tamthilia ya kale ya Waingereza, ya kusikitisha, akaniuliza kama wasichana wa darasa la juu wangeiweza. Ni kisa cha jemadari shujaa anayemuua mfalme wake aliyekuja kulala kwake kama mgeni, kisha anajitwalia kiti. Kwa kuwa amekipata kwa damu, anamwogopa kila mtu. Anaweka wapelelezi katika nyumba za wakubwa wake. Wale wakubwa wanamwinamia mchana na kunong'ona pembeni, mpaka mmoja anachoka, anamwacha, anakwenda kujiunga na mtoto wa mfalme aliyeuawa. Nilikisoma kwa siku kadhaa, na kila nilipofunga kitabu nilijiona bado niko Muleba.

Hapo inabidi niwaeleze. Wakati huo kila kijiji kilikuwa na mkuu wake aliyeitwa mkungu, na juu ya wakungu alikuwako mwami aliyesimamia gombolola zima, yaani vijiji vyote vya eneo lile. Jina la mwami wetu nimeliacha kwa makusudi, wajukuu wake ni watu wema na hawakumchagua babu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipenda nyimbo, alijua kuchekesha, na msibani alilia machozi ya kweli. Lakini mume wa mtu akishafariki, kabla watu hawajamaliza matanga, mkungu angefika kwa yule mjane na vijana wawili watatu, wang'oe mulamula, ule mmea tunaopanda mpakani, na kuupanda upya ndani zaidi. Mara nyingine kibanja kizima, yaani shamba la migomba pamoja na nyumba, kilikwenda kwa jamaa za Mwami, na mjane akaambiwa akitaka kubaki awe mpangaji kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Ukienda kulalamika barazani, aliyekaa kwenye kiti cha kuhukumu ni Mwami yuleyule.

Alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu aliijua. Wewe ukiwa umepiga magoti unajieleza, yeye anatafuna kahawa kavu, pole pole, punje moja baada ya nyingine, anatema maganda kiganjani, anayatazama. Anakuacha useme mpaka maneno yakuishie. Kisha anakuuliza kwa upole, "Umemaliza?" Baada ya hapo hakuna aliyewahi kuongeza neno.

Nafasi ya mfalme muuaji nilimpa Georgina, msichana mfupi mwenye mabega mapana, mjukuu wa mjane aitwaye Ma Anastazia ambaye kibanja chake kilikuwa kimekwisha kwenda. Sikumpa kwa sababu hiyo. Nilimpa kwa sababu alikuwa na sauti ya kuamsha bweni zima. Nafasi ya yule mkubwa anayemwacha mfalme nilimpa Kemilembe, mrefu, mtaratibu, mwenye akili nyingi. Baba yake, Ta Ishengoma, yaani Mzee Ishengoma, alikuwa mkungu. Ndiye aliyetumwa kung'oa mulamula.

Kemilembe alikataa. Alikuja mezani kwangu na karatasi zake, akazirudisha.

"Mwalimu, mimi sitaki kucheza msaliti," akasema.

Nikamuuliza ni nani aliyesema kwamba ni msaliti. Akanijibu kwamba mtu aliyelishwa na mkubwa wake, akavishwa naye, akapewa cheo naye, halafu akamwacha siku ya shida, hana jina lingine. Baba yake ndivyo alivyomfundisha. Georgina, aliyekuwa dirishani, akasema bila kugeuka, "Na anayemsaidia kuiba yeye ana jina gani?" Nilijua wote wanajua tunazungumza nini, na wao walijua kwamba najua.

Sasa hapa vijana wengi huharibu. Mwalimu anakimbilia kutoa hukumu, anasema huyu yuko sawa na huyu amekosea, somo linakufa. Mimi niliwabadilisha nafasi. Niliwaambia kwamba katika mazoezi ya siku ile Kemilembe atakuwa mfalme na Georgina atakuwa yule anayemwacha. Kemilembe akakubali shingo upande. Alikwenda vizuri mpaka ile sehemu ambapo mfalme anawatuma watu wakaiangamize familia ya aliyemtoroka. Hakusema kwa sauti. Aliupunga mkono kidogo tu, vidole vikielekea chini, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Wenzake wakarudi nyuma. Na yeye mwenyewe akasimama akautazama ule mkono kama si wake.

Baada ya mazoezi nilimkuta nyuma ya jiko akilia. Aliniambia kwamba baba yake huupunga mkono hivyo hivyo anapowaonyesha vijana pa kung'oa. Alikuwa amekwenda naye mara moja akiwa mdogo, amebebwa kwenye baiskeli, na alidhani wanakwenda kupanda maua. Kesho yake akachukua karatasi zake mezani kwangu bila kusema lolote.

Georgina naye alikuwa na vyake. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, katikati ya mazoezi, alitoa punje za kahawa mfukoni mwa sare, akaanza kutafuna mbele ya mtu anayejitetea. Akatema maganda kiganjani. Akauliza, "Umemaliza?" Maneno hayo hayamo katika kitabu, nilikuwa nimekitafsiri mimi, nayajua yote yaliyomo. Wenzake wakanigeukia waone nitafanya nini. Ningeweza kumwambia aache. Nilimwambia atafune taratibu zaidi, kwa sababu alikuwa anaharakisha.

Habari zikafika. Shule ya bweni haina siri, wasichana wana mama, na mama wana visima. Siku moja Ta Ishengoma akaja akisukuma baiskeli, amevaa kanzu na koti, akakaribishwa kiti barazani kwa Sista Klara, akakikataa, kisha akakikubali. Alisema kwamba Mwami amefurahi kusikia tuna mchezo mzuri na atahudhuria yeye mwenyewe. Ila ana ombi dogo. Mwisho urekebishwe. Mfalme asiuawe, atubu. Na yule aliyemwacha arudi, apige magoti, aadhibiwe, ili watoto wapate fundisho.

Nikamwambia kwamba mchezo ule umekuwa hivyo tangu kabla ya babu yake na babu yangu kuzaliwa. Akajibu kwamba yeye ni mtu wa kutumwa tu.

"Na wewe mwenyewe, Ta Ishengoma," nikamuuliza, "unaonaje?"

Akatazama migomba ya shule kwa muda mrefu.

"Mimi sijaulizwa kuona," akasema.

Alipoondoka, Sista Klara akabaki amefumba macho. Alikuwa na haki ya kuogopa. Uwanja wa shule ulitolewa na wakubwa wa pale, na vibarua wa kila kilichojengwa walitoka kwao. Akaniambia kwamba tungeweza kuuacha mchezo ule, tukaimba nyimbo za kwaya, watu wangefurahi vilevile. Nikamwambia kwamba tukiuacha, wasichana hawa watakuwa wamejifunza kwetu jambo moja kubwa mwaka huu, na halitakuwa Kiingereza. Kisha akasema kwamba wakija kuniondoa atasema ukweli mbele yao, lakini hataweza kuwazuia. Nikamwambia inatosha.

Tuliuonyesha Jumapili alasiri, kwenye bwalo la kulia chakula, maana uwanjani nilikuwa nimekwisha kukoma. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwami alikuja na kiti chake kimebebwa na mtu, akawekwa mbele kabisa. Watu wakapiga magoti wakimsalimu, kaboneka waitu, yaani heshima kwako bwana wetu, naye akawaitikia kwa tabasamu. Ta Ishengoma akakaa nyuma yake kwenye benchi. Ma Anastazia, bibi yake Georgina, nilimwona nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, na sikuhitaji kuwaambia wasichana waseme na nani.

Georgina akaingia na taji lake la bati na joho la lubugo. Alipofika pale pa kahawa, akatafuna, akatema, akatazama kiganja, akauliza lile swali lake. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, halafu kikakatika ghafla, kila mtu akiwa amejisikia mwenyewe akicheka. Mwami naye alikuwa na kahawa mdomoni siku ile. Taya zikasimama. Hakuna aliyemtazama, na hakuna ambaye hakumwona.

Ikafika zamu ya Kemilembe. Ndiyo sehemu ambapo yule mkubwa anasimama mbele ya kiti cha mfalme na kumwambia kwamba anaondoka. Katika Kiingereza hawaonani kabisa, anakimbia tu kimya kimya, lakini mimi niliona kwamba kwetu mtu hawezi kumwacha mkubwa wake bila kumwangalia usoni, nikaongeza. Kama mnataka kuniuliza nilipewa na nani ruhusa, sikupewa na mtu. Kemilembe akafungua mdomo, na mvua ikaanguka.

Mvua ya ziwa mnaijua, na bati mnalijua. Hakuna sauti ya binadamu iliyoweza kupita pale. Kemilembe akanitazama. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba angoje. Akangoja, amesimama wima mbele ya Georgina aliyekaa kwenye kiti, wote wawili kimya. Hakutingisha hata kidole. Bwalo zima likakaa linatazama watu wawili, mmoja anayeondoka na mmoja anayeachwa, na mbele yao Mwami mwenyewe na mkungu wake nyuma ya bega lake. Mwami angeweza kutoka, lakini mwami hakimbii kwenye mvua mbele ya watu wake. Ilimfunga pale kama ilivyotufunga sisi. Tangu siku ile nawaambia walimu wasiogope kimya jukwaani. Lile ndilo lililokuwa onyesho lenyewe.

Mvua ilipopungua, Kemilembe akasema, wala hakupaza sauti.

"Nilikutumikia nikidhani naitumikia nchi. Sasa naona nilikuwa mkono wako tu. Leo mkono huo naurudisha kwangu."

Mwami akasema bila kugeuka nyuma, kwa Kiswahili, ili hata Sista asikie, "Ishengoma, mtoe mtoto wako pale."

Ta Ishengoma alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Hakuinuka. Mwami akarudia kwa sauti ileile ya upole. Nilimwona Kemilembe akimtazama baba yake, na taji la Georgina likatetemeka.

"Waitu," Ta Ishengoma akasema, "mwache amalize."

Mwami akasimama. Mwami akisimama, kila mtu husimama, hata mgonjwa huegemezwa. Bwalo zima likainuka, nami nikainuka kwa mazoea, miguu ikaniinua kabla ya akili. Ta Ishengoma peke yake akabaki ameketi kwenye benchi lake. Mwami alimtazama kwa muda, kisha akatoka nje kwenye manyunyu. Baadhi ya watu wake wakamfuata. Yule aliyebeba kiti akakishika, akakiachia, akakishika tena, mwishowe akaenda bila kiti. Sisi wengine tukabaki tumesimama hatujui la kufanya. Wa kwanza kukaa alikuwa Ma Anastazia, kule nyuma. Akatandaza kanga yake vizuri, akakaa. Ndipo na wengine wakakaa, na mchezo ukaendelea, na mfalme akauawa kama ilivyoandikwa. Mwanzoni hapakuwa na makofi. Kisha vigelegele vikaanzia jikoni.

Msidhani kwamba Mwami alianguka siku ile. Wakubwa hawaangushwi na taji la bati. Alibaki kitini mpaka uhuru ulipokuja na machifu wote wakaondolewa. Ta Ishengoma alivuliwa cheo cha mkungu haraka, na nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa ya cheo, akatolewa. Akahamia kwa shemeji yake huko Nshambya, pale Bukoba, akalima kipande cha kuazima. Mwami alitaka Kemilembe afukuzwe shule. Sista Klara, yule niliyedhani anaogopa, alimjibu mjumbe kwamba mtoto ana mitihani na mlango uko kule. Mimi wakubwa wa elimu wakanipeleka Bumbire, kisiwani, kwenye shule ya watoto wa wavuvi, wakisema wanahitaji mwalimu hodari. Walivyosema "hodari" ungedhani wanataja ugonjwa.

Mtu ambaye hakuwa mwami wala mwalimu ndiye aliyeumia zaidi. Ta Ishengoma alinisimulia baadaye, nilipomtembelea Nshambya. Baba yake alikufa kwa ndui naye akiwa mtoto, na Mwami, wakati huo kijana, ndiye aliyemchukua na kumlea, akalala naye chumba kimoja, akamfundisha kuendesha baiskeli. "Alinilea," aliniambia, "na sijasahau hata siku moja." Nikamuuliza basi kwa nini hakuinuka. Akaniambia kwamba alipomwona binti yake amesimama kwenye ile mvua hatikisiki, alijua kwamba akienda kumtoa hatamtoa kwenye mchezo tu. Zaidi ya hapo hakueleza, nami sikumchokonoa.

Watu hawakumwonea huruma. Wa upande wa Mwami walimwita msaliti, wakageuza uso wakikutana naye sokoni. Wajane nao hawakusahau ni nani aliyewang'olea mulamula. Alikuwa amemwacha mmoja na hakupokewa na wengine. Nawaambieni haya ili msidhani kwamba kumwacha dhalimu ni kama kwenye mchezo, unavuka upande wa pili unapigiwa tarumbeta.

Ma Anastazia alikuwa ameipeleka kesi yake kwenye rufaa Bukoba, mbele ya baraza lisilokuwa la Mwami. Alikuwa hana shahidi. Kila aliyejua mpaka wa zamani aliogopa. Nilivuka kutoka Bumbire kwenda kusikiliza, na nilipoingia nilimkuta Ta Ishengoma amekaa peke yake kwenye benchi la mashahidi, kwenye koti lake lilelile. Hakuitwa na mtu. Alikwenda mwenyewe.

Alieleza kila kitu. Alitaja mpaka ulikuwa wapi, nani alimtuma, na mti gani aliuacha kwa sababu mizizi ilikuwa migumu. Aliyemwakilisha Mwami, mzee mmoja mwenye maneno matamu, akamsimamia karibu kabisa. Akamuuliza kama si kweli kwamba Mwami alimlea. Ta Ishengoma akakubali. Akamuuliza kama si kweli kwamba aliapa kumtumikia. Akakubali.

"Basi wewe ni mtu unayemsaliti bwana wako," yule mzee akasema, akiligeukia baraza.

"Ndiyo, nimemwacha," Ta Ishengoma akajibu. "Kosa langu ni kuchelewa."

Ma Anastazia alirudishiwa kibanja chake. Mimi nilitarajia kwamba tukitoka nje atamshukuru. Hakumshukuru. Alimpita pale kwenye ngazi kama anayepita nguzo, mjukuu wake Georgina akimshika mkono. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama, akarudi, akamwambia kwamba Jumatatu aje Muleba na jembe. Ni yeye aliyeing'oa mulamula, basi ni yeye anayejua mashimo yalikuwa wapi, na yeye Anastazia hana muda wa kubahatisha na umri ule. Akaondoka. Ta Ishengoma akabaki kwenye ngazi amevua kofia.

Alikwenda. Georgina aliniambia kwamba alipanda tangu asubuhi mpaka jua likapinda, bibi akimsimamia na fimbo, akimrekebisha kila alipokosea kidogo. Hawakuongea zaidi ya hapo. Jioni bibi akamwita ndani ale ebitoke, ndizi za kupikwa, kama wengine.

Mnaweza kuniuliza mimi nilipata nini. Nilipata Bumbire. Watoto wa kule walijua kutengeneza nyavu kabla ya kujua kusoma, na sauti zao zilizoea kushindana na mawimbi, kwa hiyo sikulazimika kumfundisha hata mmoja kusema kwa nguvu. Niliwafundisha mchezo uleule. Mara hii tuliigiza ufukweni, kati ya dagaa zilizoanikwa, na watu wazima wakaacha mitumbwi waje kutazama.

Baada ya muda akaja mkaguzi wa shule kwa boti, Mwafrika mwenzetu, kijana mwenye soksi nyeupe ndefu. Alinisifu kwa kazi yangu. Kisha akaniambia, akiwa anatazama viatu vyake, kwamba kuna nafasi Bukoba mjini, shule nzuri, nyumba ya mwalimu yenye sakafu ya saruji. Wakubwa wako tayari kusahau. Wanachotaka ni niseme tu kwamba mchezo ule ulikuwa kosa la ujana, niseme mbele ya Mwami, maneno machache, basi. Aliniomba kwa adabu na nadhani alinitakia mema. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kwamba sikukosea, na kwamba hata nikizeeka nitakuwa bado sijakosea, na kwamba watoto wa darasa la nne wananingoja.

Boti ilikuwa inawashwa alipoligeukia jambo hilo mara ya mwisho. Alisimama majini mpaka kwenye vifundo, soksi zake kashika mkononi, akaniuliza kwa hiyo akawape wakubwa jibu gani kutoka kwangu.

"Waambie chaki zimeniishia," nikamwambia.

Zikaletwa na boti iliyofuata.